Mama mdogo alilazimishwa kula nyama ya mtu porini. Je, ana dhambi?

Msomaji mmoja wa Kadutu, hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, ameniandikia hivi. Mdogo wa mama yake alitekwa na watu wenye silaha upande wa Shabunda, akakaa nao porini miezi mingi, akarudi. Miaka ikapita. Akaolewa, akazaa, akaanza kuuza sambaza sokoni. Juzi kwenye matanga ya babu yao, usiku, wanawake wakiwa peke yao jikoni, akasema jambo ambalo hakuwahi kulisema: kwamba kule porini walimwekea bunduki kichwani akala nyama ya mtu, na mtu huyo alikuwa anamfahamu. Kulipokucha habari ilikuwa imefika kwa wajomba. Tangu siku hiyo sombe (kisamvu) anayopika inabaki kwenye sahani. Harusi ya dada wa msomaji inakaribia, na mjomba mkubwa amekataza asiguse sufuria. Msomaji anauliza: "Mwalimu, ametenda dhambi au hakutenda? Kula nyama ya mtu si ubaya ule ule hata ukilazimishwa? Na ni kweli mtu akishaionja inabaki ndani yake?"

Mwanangu, jibu nalitanguliza. Mama yako mdogo hana hatia. Hana dhambi ya kutubu, hana unajisi, na hakuna kitu kilichobaki ndani yake kinachoweza kuingia kwenye chakula anachowapikia. Waliotenda ubaya ni wale waliomshikia bunduki. Mimi nafundisha maadili hapa Bukavu, na kwa muda mrefu nimekaa na akina mama waliorudi kutoka porini, hasa upande wa Panzi, penye hospitali inayowatibu wanawake waliobakwa. Sisemi haya ili kumfariji. Nayasema kwa sababu ndiyo kweli, na kama kweli ingekuwa nyingine ningekuambia hiyo nyingine.

Yanayofuata ni marefu kidogo, maana mjomba wako hatatosheka na neno "hana hatia". Na wewe pia, nadhani. Umeandika kwamba siku ya kumaliza matanga nawe uliacha sahani yako kama wengine.

Kinyaa kile si ujinga. Kinatushika sote, na kinatoka mahali pema: tunajua bila kufundishwa na mtu kwamba mwili wa binadamu si kitoweo, hata akishakufa. Shida yake ni kwamba kinamwangukia yeyote aliye karibu. Hakiulizi nani alitaka na nani hakutaka, nani alishika bunduki na nani alikuwa amepiga magoti. Kwa hiyo kazi hiyo ya kuuliza lazima tuifanye wenyewe.

Ubaya wa kula mtu uko wapi hasa? Wengi watakuambia uko kwenye nyama yenyewe, kwamba ni kitu kichafu, kikishaingia tumboni kinamchafua mtu mzima. Sikubali. Kila siku hospitalini wagonjwa wanatiwa damu ya watu wengine, na hakuna anayekataa kula nao baadaye. Figo ya marehemu huwekwa ndani ya mwili wa mtu aliye hai, ikafanya kazi humo miaka na miaka. Sehemu ya mtu imeingia ndani ya mtu, na sisi tunaliita jambo hilo huruma, kwa sababu aliyetoa aliridhia, au ndugu zake waliridhia, na nia ilikuwa kuokoa uhai. Huko Ulaya katika karne ya 16 na ya 17, wauza dawa walikuwa na unga wa maiti zilizokaushwa kutoka Misri, wakiwapa wagonjwa waunywe, na Mfalme Charles wa Pili wa Uingereza alikuwa na matone yake ya dawa yaliyotengenezwa kwa fuvu la kichwa cha binadamu. Walikuwa wafalme na waumini wa kanisa, hawakujiona kuwa ni walaji wa watu. Sisemi walifanya vema. Wale wafu walitolewa makaburini mwao na hakuna aliyewauliza. Lakini ukitazama vizuri, hata pale ubaya uko katika jinsi marehemu walivyotendewa. Hauko tumboni mwa mgonjwa aliyekunywa.

Basi ubaya uko kwanza katika kuua, pale mtu anapouawa ili aliwe. Uko katika kumchukua mtu aliyekuwa na jina, na mama aliyemzaa, na kumgeuza kitu cha matumizi pasipo ridhaa yake, huku ndugu zake wakibaki bila mwili wa kuzika. Na uko katika moyo wa anayefanya hivyo akitaka. Mwishoni mwa Oktoba 2014, mjini Beni, umati wa raia ulimpiga mawe kijana aliyeshukiwa kuwa mwasi, ukamchoma moto, na habari zilizotoka siku hizo zilisema baadhi yao walikula nyama yake. Wale hakuna aliyewawekea bunduki kichwani. Walitaka, tena mchana mbele ya watu. Hatia inaonekana hivyo, na haifanani hata kidogo na kile kilichompata mama yako mdogo.

Iko kesi moja ya zamani ambayo wanafunzi wa sheria husomeshwa nchi nyingi. Mwaka 1884 mashua ya Kiingereza iliyoitwa Mignonette ilizama katika Atlantiki ya kusini ikiwa safarini kwenda Sydney. Watu wanne walibaki ndani ya kimashua cha wazi: nahodha Tom Dudley, Edwin Stephens, Edmund Brooks, na Richard Parker, kijana wa miaka 17 aliyekuwa mtumishi wao. Walikuwa na makopo mawili ya mboga na hawakuwa na maji ya kunywa. Walipata kasa mmoja, wakamla akaisha. Karibu majuma matatu yakapita. Parker akanywa maji ya bahari, akaugua, akalala chini ya kimashua. Dudley, kwa kukubaliana na Stephens, akamchinja kwa kisu. Wote watatu wakala. Siku chache baadaye meli ya Wajerumani ikawaokoa, na Dudley akaeleza mambo yote bila kuficha, akidhani kila mtu ataelewa.

Mahakama haikuelewa hivyo. Dudley na Stephens walihukumiwa kifo, ingawa adhabu ilipunguzwa ikawa kifungo cha miezi 6. Majaji walisema shida, iwe kubwa namna gani, haimpi mtu ruhusa ya kumuua asiye na kosa, kwa maana ni nani atakayepima uhai wa nani ndio wa kutupwa? Alichaguliwa yule mdogo kuliko wote, mgonjwa, asiye na mke wala watoto wa kumlilia. Naona majaji walikuwa sawa, na ningewaambia hivyo Dudley na Stephens usoni.

Ila mtazame Brooks. Alikula kama wenzake, ile nyama ile ile, katika kimashua kile kile. Lakini hakukubali Parker auawe. Hakushtakiwa, alisimama mahakamani kama shahidi. Hata watu wakali wa zama za Malkia Victoria waliona kwamba kesi iliyo mbele yao ni ya kuua. Na Brooks hakuwa na bunduki kichwani. Mama yako mdogo hakuua, hakukubali mtu auawe, na hata kula kwenyewe hakukuwa hiari yake. Ukimweka karibu na Brooks, ana nafasi kubwa zaidi ya kusimama wima.

Habari ya pili mjomba wako ataisikia vizuri zaidi, kwa kuwa wahusika walikuwa Wakatoliki na walijiuliza swali hili hili la dhambi. Tarehe 13 Oktoba 1972 ndege ya jeshi la anga la Uruguay, iliyokuwa imebeba timu ya raga pamoja na jamaa na marafiki, jumla watu 45, ilianguka katika theluji za milima ya Andes. Kule juu hakuna mti wala mnyama wala jani. Baada ya siku kama kumi walisikia kwenye redio kwamba utafutaji umesimamishwa. Siku hizo hizo wakaanza kula miili ya wenzao waliokuwa wamekufa katika ajali. Hawakuamua haraka. Walikaa wakazungumza, wakasali. Wengine walikataa kwanza, akiwemo Liliana Methol, mama wa watoto, ambaye mumewe alikuwa naye hapo hapo. Mwishowe wakaahidiana, kila mmoja akisema kwa kinywa chake: nikifa mimi, utumieni mwili wangu. Watu 16 walitoka hai baada ya siku 72. Viongozi wa Kanisa Katoliki walisema wazi kwamba hawakutenda dhambi, na mabaki ya marehemu yakazikwa kule kule mlimani.

Ahadi ile naiheshimu sana. Waliwafanya wafu wao kuwa watoaji, wakawaachia utu wao. Na wale 16 walirudi kwao, wakaoa, wakazaa, wakakaa mezani na wazazi wa wale wasiorudi. Hebu fikiri: hao walichagua kwa akili zao timamu, na bado Kanisa halikuwahukumu. Yeye ambaye hakuchagua chochote, mnamhukumu kwa kipimo gani?

Nimetaja Kanisa, basi nimalize. Katekisimu inafundisha kwamba ili dhambi iwe ya mauti lazima yawepo mambo matatu kwa pamoja: jambo lenyewe liwe zito, mtu alijue kikamilifu, na alifanye kwa hiari. Hiari hapa haikuwepo hata chembe. Na juu ya unajisi anaoutaja mjomba, padri wa parokia yenu amsomee Injili ya Marko sura ya 7: kinachomwingia mtu kutoka nje hakimtii unajisi, bali kinachomtoka moyoni. Umeandika kwamba ndugu wa upande wa baba ni Waislamu. Kwao jambo liko wazi vile vile. Sura ya Al-Baqara, aya ya 173, baada ya kuharamisha mzoga na damu na nyama ya nguruwe, inamwondolea dhambi aliyelazimika pasipo kutaka wala kupita mpaka, na An-Nahl aya ya 106 inamwondolea lawama aliyelazimishwa hata kutamka neno la kukufuru, maadamu moyo wake umetulia katika imani. Ni kweli wanazuoni wamehitilafiana kama mwenye kufa njaa anaweza kula maiti ya mtu. Wengi wa madhehebu ya Shafii wanaruhusu, wengine wanakataa. Lakini wanabishana juu ya mtu mwenye njaa aliye peke yake, mwenye uwezo wa kuamua. Na Al-Hujurat aya ya 12 inamfananisha msengenyaji na mtu anayekula nyama ya ndugu yake aliyekufa. Aya hiyo inawahusu waliolibeba neno lake kutoka jikoni usiku ule hadi kwa wajomba, na wangeisoma kabla ya kuuliza juu ya sufuria zake.

Sasa lile la tatu: inabaki ndani?

Kuna ugonjwa mmoja uliowahi kutokana na kula maiti, unaitwa kuru. Uliwapata watu wa Fore, katika nyanda za juu za mashariki ya Papua New Guinea. Wao walikula wafu wao kwa mapenzi, katika kilio, na waliokula zaidi, hasa ubongo, walikuwa wanawake na watoto. Mgonjwa hutetemeka, hashiki mwendo, mwisho hawezi kumeza, anakufa. Tangu madaktari walipoanza kuufuatilia mwaka 1957, watu zaidi ya 2,500 walikufa. Chanzo chake ni protini iliyoharibika umbo inayoitwa prioni. Inaweza kukaa mwilini zaidi ya miaka 50 kabla ya kuonekana. Nakuambia yote hayo kwa sababu mtu anaweza kukusomea nusu yake akakutisha. Nusu nyingine ni hii: kuru haikupita kwa sahani, kwa mkono, kwa kitanda wala kwa maziwa ya mama. Watoto waliozaliwa baada ya desturi ile kuachwa hawakuupata, ingawa mama zao waliugua. Na ili mtu aupate, lazima aliyeliwa awe alikuwa na ugonjwa wa namna hiyo, ambao ni wa nadra sana duniani. Hatari kwa mama yako mdogo karibu haipo. Hatari kwenu mnaokula sombe yake haipo kabisa. Kama hajawahi kupimwa tangu alipotoka porini, aende hospitali, maana kule wanawake walifanyiwa mengi na yako maambukizi mengine yanayotibika. Lakini aende kwa faida ya afya yake. Mtu asimwambie lete karatasi ya daktari ndipo tule.

Halafu kuna lile ambalo watu hawalisemi kwa sauti: kwamba aliyeonja atatamani tena, usiku, akitazama watoto wa watu. Hakuna kitu kama hicho. Serikali ya Australia iliyokuwa ikitawala kule ilipiga marufuku desturi ya Fore miaka ya 1950, ikaisha, na hatukusikia wazee wakizunguka vijijini na tamaa. Wawari wa Brazili, katika misitu ya Amazoni, walikula wafu wao mpaka miaka ya 1960. Walipoacha, wazee wao walisikitikia jambo lingine kabisa: waliona ni ukatili kumlaza mpendwa peke yake katika udongo baridi. Kumla kwao kulikuwa njia ya kumsindikiza. Mimi singefanya hivyo, na Mshi au Mlega yeyote wa hapa kwetu hangefanya. Hata hivyo wale walikuwa wakiomboleza, na walipobadili desturi hawakubaki na uchu wowote. Huo uchu ni hadithi.

Hapa ndipo ninapotaka mjomba wako asimame muda mrefu.

Watu waliomteka hawakuwa na njaa. Wanawake wengi wamenieleza kwamba mbuzi za kijiji zilikuwepo, ndizi zilikuwepo, mihogo ilikuwepo. Julai 2007 Yakin Ertürk, aliyekuwa mtaalamu wa Umoja wa Mataifa juu ya ukatili dhidi ya wanawake, alikuja huku Kivu ya Kusini, akatoka akisema kwamba wanawake waliotoka utumwani porini walimsimulia jinsi walivyolazimishwa kula kinyesi na kula nyama ya jamaa zao waliouawa. Kaskazini, kule Mambasa, mwishoni mwa 2002, katika mashambulizi ambayo wapiganaji wenyewe waliyapa jina la "Kufuta ubao", wachunguzi wa Umoja wa Mataifa walikusanya ushahidi wa aina hiyo hiyo, na Mei 2003 Sinafasi Makelo alisimama mbele ya jukwaa la Umoja wa Mataifa la wenyeji wa asili, New York, akisema kwamba Wambuti, wenyeji wa misitu ya kule, wanawindwa na kuliwa kama wanyama. Mahali pote hapo nyama ya mtu ilikuwa silaha. Lengo lilikuwa kuvunja kitu ambacho risasi haikifikii.

Ni kitu gani hicho? Ni kule kukaa pamoja chunguni. Hapa kwetu ndugu ni yule unayeingiza mkono naye katika sahani moja. Walijua. Walijua kwamba mwanamke aliyebakwa anaweza kurudi kwao na siku moja mama yake akampokea. Kwa hiyo wakatafuta jambo ambalo litamfanya aogope hata kupokelewa, jambo ambalo likisemwa, mikono itaondoka kwenye sahani yenyewe bila mtu kufukuzwa. Mjomba wako, mzee wa heshima ambaye hajawahi kumdhuru mtu, anamalizia kazi yao bila kujua, na hawakuwahi hata kumwona.

Katika kikundi kimoja ninachokaa nacho yuko mama ambaye, akipakua chakula, huchota kwanza kijiko akala mbele ya wote. Mgeni angedhani ni ile desturi yetu ya kuonyesha kwamba hakuna karuho, yaani sumu, ndani. Kisha ananawa mikono. Anapakua sahani ya kwanza, ananawa tena, anapakua ya pili, ananawa. Akina mama wenzake wamezoea, wanamngoja. Siku moja mmoja wao, mkubwa kwa umri, alimshika mkono ukiwa bado na povu la sabuni akautia pamoja na wake kwenye bugali, wakala. Hakuna aliyezungumza juu ya jambo hilo. Juma lililofuata alinawa mara mbili tu.

Dawa ninayoijua ni hiyo, na ndiyo ninayokuomba uipeleke nyumbani. Aibu iliyotengenezwa mbele ya watu haiondolewi kwa kunong'onezana pembeni. Mjomba wako ndiye aliyekataza, basi mjomba wako ndiye ale kwanza. Siku ya harusi msifanye tangazo wala hotuba. Hilo lingemtia aibu ya pili. Apewe kazi ile ile aliyokuwa akipewa kwenye sherehe za nyuma, kama anaitaka. Muulize, maana huenda amechoka na macho ya watu na angependa kukaa tu avae kitenge chake kipya. Akipika, mjomba apakue chake mbele ya shangazi wote, ale, aombe nyongeza. Wengine watafuata. Mzee akila, ni nani hapa Bukavu atakayesimama kukataa?

Mjomba akileta habari ya kumpeleka mama yako mdogo kwenye chumba cha maombi ili pepo litolewe, kataa, kataa kwa nguvu zako zote. Nimeona watu wakifungishwa siku nyingi bila chakula, wakipigwa, wakidaiwa pesa, kwa sababu ya maovu waliyotendewa na wengine. Kama ni ibada ya wazee, ya kunyunyiziwa maji au kuchinjiwa mbuzi, hapo siwezi kusema ndiyo wala hapana nikiwa mbali. Nimeona wanawake waliopata usingizi baada yake. Jambo la kutazama ni je, yeye ameiomba? Na inamwambia nini: kwamba umerudi, wewe ni wetu, au kwamba ulikuwa mchafu na sasa tumekusafisha? Kama ni hilo la pili, achaneni nayo hata wazee wakinuna.

Jina "mla watu" lenyewe msilitumie nyumbani, hata kwa hasira. Limewaumiza watu wa nchi hii kabla hatujazaliwa. Mwaka 1906 huko New York walimweka Ota Benga, kijana kutoka misitu ya Kongo, katika nyumba ya nyani ya bustani ya wanyama ya Bronx, na watu waliomwona miaka ile, akiwa na meno yaliyochongwa, waliambiwa kwamba ni mla watu. Alikuwa mtu aliyeuliwa mke na watoto wake. Alijiua mwaka 1916 huko Virginia. Jina hilo likishabandikwa kwa mtu, wanaomtazama huacha kumwona yeye.

Kuna mmoja ambaye barua yako haikumtaja tena baada ya mstari ule mmoja: marehemu. Umesema mama yako mdogo alikuwa anamfahamu. Basi ana ndugu mahali fulani, na hana kaburi. Naamini sehemu kubwa ya uzito anaoubeba ni huyo. Wengi huniuliza kama wao wenyewe wana hatia kwa marehemu, na mimi huwaambia kwamba wote wawili walitendewa na mikono ile ile. Akitaka, padri anaweza kusoma misa kwa jina lake, bila kueleza mengine. Mnaweza kuweka matanga madogo, usiku mmoja, watu wachache anaowachagua. Kama ataona ni vema kuwafikia ndugu za marehemu, asiende peke yake wala asiende haraka. Wapo washauri waliozoea njia hiyo, pamoja na akina mama wa Panzi ambao wagonjwa huwaita mamans chéries.

Sheria inakuja mwisho kwa kuwa mjomba anaogopa polisi. Ni kweli sheria ya jinai ya Kongo inaadhibu kula nyama ya mtu na kuandaa jambo hilo. Lakini aliyelazimishwa kwa nguvu asiyoweza kuipinga hana hatia kisheria. Yeye ni mwathirika, na akipenda, ni shahidi. Mkataba wa Roma, ule ulioanzisha Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, ambao Kongo iliuridhia mwaka 2002, unahesabu kuvunja heshima ya utu kama uhalifu wa kivita, na maelezo yake yanasema heshima hiyo ni ya wafu pia. Makosa hayo hayaishi muda wake hata miaka ipite mingapi. Avoka, yaani mawakili, wa kusaidia bila malipo wapo hapa mjini. Lakini kusema mahakamani ni haki yake, si deni lake, na akija mtu na kamera akitaka asimulie kwa ajili ya ripoti, anaweza kukataa bila kutoa sababu.

Umeuliza pia, kwa mstari mmoja chini ya barua, kama uwaambie watoto wake wasije wakasikia kwa watu. Habari hii ni yake. Muulize yeye, siku ambayo hamna haraka, mkiwa wawili. Akisema ndiyo, awaambie mwenyewe ukiwa karibu. Akisema hapana, nyamaza, na umwombe mjomba na wale wa jikoni wanyamaze pia.